Hadubini za Kabatini

Wiyoni, 3 Februari 2025

Mamangu mpenzi,
Assalaam alaykum. Huku kwa mama mdogo Maram tu wazima. Kifua cha baba kimetulia?

Mimi mwili mzima, moyo ndio unaochemka. Nimefeli mtihani wa vitendo wa biolojia. Darasa zima tumefeli! Tangu tuingie chuoni Bwana Idarus hutusomea, sisi twanakili. Hadubini zimefungiwa kabatini, hata nailoni hazijavuliwa. Siku ya mtihani ndipo tulipowekewa mezani: "Chora seli unazoziona." Nilichungulia, nikachora nilichokiona. Kumbe ni kope zangu mwenyewe.

Nikamuuliza kwa nini hakutufundisha. "Soma noti," akanijibu, akanitoa darasani. Mama, hii ni haki?

Binti yako,
Radhiya

Siyu, 9 Februari

Mwanangu,
Waalaykum salaam. Babako hajambo, alhamdulillahi, sasa apata usingizi.

Maneno yako yamenitia hofu. Mwalimu hajibizwi. Kamtake radhi, urudie mtihani, yapite. Hiyo ndiyo ndia ya salama.

Mamako

Wiyoni, 2 Machi

Mama,
Salamu nyingi, na unisamehe kwa kimya. Radhi sikutaka. Tulikwenda sote kwa mkuu wa chuo, Bi Barka, tukakataa kutoka. Akamwita Bwana Idarus.

"Kwa nini hufungui kabati?"

Bwana Idarus akasema, "Sijui kuzitumia. Nami nilisomeshwa kwa noti tupu."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Hasira zangu sasa ni kwa waliompa cheti, kisha wakampa darasa. Bi Barka ameagiza mwalimu wa maabara kutoka Mombasa. Bwana Idarus atakaa nasi ajifunze. Lakini alama zetu, asema, hazibadiliki. Tumefeli, basi.

Binti yako,
Radhiya

Siyu, 7 Machi

Mwanangu,
Waalaykum salaam. Sisi wazima, ila yeo, tangu nisome barua yako, hata chai ya futari imenishinda.

Mwalimu akiri mbele ya watu kwamba hakufundisha, kisha anayefeli awe mwanafunzi? Na huyo Bi Barka, miaka yote hiyo hakulifungua kabati la chuo chake akaangalia? Usimjibu neno, wewe kasome. Nimezungumza na mamake Fawaz, mwenzako wa darasani, naye hasira zimempanda. Jumatatu tutapanda boti bandarini Mtangawanda, tuje sote wawili.

Mwambie Bi Barka atuwekee viti. Hatuji kusimama.

Mamako