Kopo la Dada Marietha

Kulu, acha unachofanya usome hii. Dada Marietha ametibua ukoo mzima, na mimi niko upande wake!

Si unajua aliuza ile kamera yake ya harusi, akaagiza ya kupigia picha nyota? Imefika leo. Kosa lake ni kumwambia baba mkubwa Gaspari kwamba inashinda zote alizowahi kushika. Baba mkubwa kaita ukoo! Watu wametoka mpaka Mitundu, wote kitenge cha sare, wamejipanga uani wanasubiri kupigwa picha!

Dada akafungua boksi. Kitu cha duara, chekundu, hakina kioo wala kitufe.

"Samahani baba mkubwa, hii si ya picha za watu. Inafungwa kwenye darubini, inaendeshwa na kompyuta. Ndani inajipoza mpaka chini ya sifuri, ili picha za nyota zisijae chenga kama zile nilizopiga mwanzo kwa kamera ya harusi."

Kulu, baba mkubwa akakigeuza mkononi, akauliza:

"Yaani umeuza kamera ukanunua kopo?"

Kopo! Shangazi Flora naye akadakia, "Lirudishwe leo leo."

Nikajua dada atalia. Wapi! Akachomoa simu, akawapiga picha moja, akairusha palepale kwenye grupu la ukoo.

"Nyie hiyo inawatosha," akasema. "Nyie mkiitwa mnakuja, tena na sare. Nyota hata uite vipi haziji. Inabidi nizifuate, na nitazifuata na kopo langu hili hili."