Mama Mkwe Apanda Kolo

Miyuji, Jumamosi jioni. Upepo umejaza vumbi nyumba nzima na wala sijali. Leo nina furaha ya kupiga vigelegele peke yangu!

Nina mimba ya mtoto wa kwanza, na kipimo kinasema ni wa kike. Kwa Wachaga, kwao mume wangu, binti wa kwanza hubeba jina la mama wa baba. Mimi, Msandawe wa Chemba, natamani abebe la marehemu bibi aliyenilea. Tatizo jina hilo lina kidoko, ulimi unagonga kaakaa katikati yake. Mama mkwe, mgeni wetu kutoka Rombo, alishatoa hukumu: "Mjukuu nisiyeweza kumwita, nitamtuma maji vipi?"

Sikubishana. Mkwe habishiwi.

Nikaomba tu twende Kolo kuona michoro ya miambani. Mume wangu akaendesha. Kuanzia Msalato hadi Kondoa mjini, Mama aliuliza migomba iko wapi. Mlimani alipanda akinigombeza kwa kukwea na tumbo, huku mwenyewe ananiegemea!

Halafu tukawaona. Watu wembamba wekundu, vichwa vikubwa, wamesimama mwambani tangu enzi hizo. Mwanamke mwongoza wageni aliyetutembeza alisema wengi huamini waliowachora ni wazee wa Wasandawe, na kwamba hadi leo watu huja pale kutambika mvua inapochelewa. Kumbe naye ni Msandawe! Tukasalimiana kwa lugha yetu, vidoko vikadunda mwambani. Nilijisikia mrefu kama wale wa kwenye michoro.

Mama mkwe akatutazama, akautazama mwamba.

"Kumbe hawa ni wa kwenu?"

"Ndiyo, Mama."

Akawahesabu mmoja mmoja kwa kidole. Hata migomba hakuiulizia tena!

Tukiwa garini ndipo akasema, "Jina la bibi yako. Litamke polepole."

Mwanzoni alikuwa kama anaita kuku. Tulicheka mpaka machozi, dereva akaamriwa aangalie barabara. Tulipokaribia Msalato, kidoko kikalia. Safi kabisa! Akarudia, akajipigia makofi.

"Langu liwe la pili," akasema. "Rombo wajukuu wenye jina langu wamejaa. La huyu bibi yako limebebwa na nani?"

Hakuna. Nililia hadi nyumbani.

Sasa namsikia sebuleni akimfundisha mwanawe, ambaye bado anaita kuku. Je, hadi binti yake azaliwe atakuwa ameweza?