Mbio Zilizopita Mutakura

Buyenzi, Bujumbura
Jumatano, 8 Desemba 2004

Kwa dada yangu Mwanasiti, huko Ujiji,

Assalamu alaykum warahmatullah. Barua yako ilinifikia wiki ile ya Idd, kwa mkono wa dereva wa lori la chumvi. Nimefurahi kusikia kwamba goti lako limepoa na kwamba watoto wanaendelea vizuri na chuo. Sisi hapa ni wazima, alhamdulillah. Wifi yako Assia anakusalimia sana, na anasema zile dagaa ulizotuma zilifika zote, ingawa mimi nimeziona nusu tu. Mji nao umetulia kidogo. Mwaka jana tulikuwa tunalala chini ya kitanda, mwaka huu tunalala juu yake kama watu.

Umeniuliza tena habari za nyumba ya baba kule Mutakura. Unasema mwezi wa kwanza, Mungu akipenda, utarudi na watoto mkae humo, na unataka nikuambie kama paa la chumba chako ni zima na kama mlimao wa mama bado unazaa. Nitakujibu, dada. Nakuomba tu usiruke mistari kama kawaida yako ukaenda kusoma mwisho kwanza. Habari za nyumba zimeingia ndani ya habari nyingine, na siwezi kukupa moja bila ya nyingine.

Basi, mdogo wako amekuwa mwanamichezo. Usicheke. Mwezi wa nane alikuja gereji mwalimu mmoja wa michezo, anaitwa Népomuscène, pikipiki yake imeziba kabureta. Nilipokuwa naisafisha akanisimulia kwamba anaandaa mashindano yanayoitwa triatloni: unaogelea ziwani kilomita mbili, ukitoka majini unapanda baiskeli kilomita themanini, ukishuka unakimbia ishirini, yote siku moja, bila kupumzika. Nikamuuliza ni nani kawahukumu watu hivyo. Akacheka, akasema watu wanalipa kwa hiari yao. Sijui nini kilinipata. Miaka kumi na moja ya vita tumeishi kila mtu na mtaa wake, tukihesabu njia salama na njia mbaya, na huyu bwana anaongea kilomita mia moja na mbili kama anayekwenda dukani. Kabla sijafunga kabureta nilikuwa nimeandikisha jina.

Kazi lakini haikupungua. Unamjua Majid, tajiri wangu, yule ambaye babu yake alitoka Oman: saa moja na nusu lazima gereji iwe wazi, na ukichelewa dakika tano anakusalimia kwa kuangalia saa. Kwa hiyo nikapanga hivi. Alfajiri, amri ya kutotoka nje ikishaisha na watu wakianza kuonekana barabarani, naswali kisha nashuka ziwani upande wa bandari, naogelea mpaka jua litoke. Saa sita gereji ikifungwa, badala ya kulala kama Waislamu wenzangu, napanda baiskeli niliyoiunga kwa vipande vya baiskeli tatu, naenda barabara ya uwanja wa ndege na kurudi, na kwenda na kurudi, hadi saa nane. Jioni narudi nyumbani mbio. Majid alinivumilia wiki mbili, halafu akaniita mbele ya wateja akaniuliza kila mchana nakwenda wapi. Nikasema siendi popote, nakwenda na kurudi. Akauliza nabeba mzigo gani. Nikasema sibebi kitu. Akawaambia wateja kwamba fundi wake mzuri kaingiwa na kitu kichwani, wamwombee dua. Lakini nikaona kesho yake ameniletea matairi mawili mapya, akayaweka kwenye meza yangu.

Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani. Hapo ndipo nilipotaka kuacha. Kuendesha na kukimbia na swaumu nilijua nitaweza, kiu ni kiu tu. Tabu ilikuwa ziwani. Unakumbuka nilivyokuwa nikiogelea tulipokwenda Ruziba kwa mjomba, kichwa juu kama bata, mdomo wazi, kila mkono mmoja nameza kikombe. Sasa funga yangu itakuwaje? Kuogelea baada ya futari haiwezekani, jioni ndio saa ya viboko kutoka. Nikaenda kwa maalim. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema maji yakiingia bila kukusudia Mungu ni msamehevu, ila mtu anayejua kwamba kila akiingia atameza, huyo asituambie hakukusudia. Nikarudi nimenuna. Siku ya pili nikaingia majini nimebana midomo kwa hofu ya kupoteza swaumu. Nikalaza uso ndani, nikageuza kichwa pembeni, nikavuta hewa kidogo, nikarudisha. Mwezi mzima, dada, kwa kuogopa tone moja. Nilipomaliza Ramadhani nilikuwa naogelea kilomita mbili sijui kiu wala pumzi. Népomuscène alishangaa, akauliza kocha wangu ni nani. Nikamwambia ni maalim.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe Népomuscène akatuletea karatasi ya njia. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu, sijaijibu. Nikasoma: kukimbia, kutoka ufukweni, kupanda mpaka Kigobe, kuingia Mutakura, kuzunguka na kurudi. Nikaikunja ile karatasi. Usiku ule sikula, na Assia akadhani ni homa. Nikamwambia nataka kujitoa, magoti yanauma. Akaniangalia, akasema magoti hayo hayo jana yaliruka uzio wa jirani kufuata kuku. Sikujitoa.

Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukaingia majini watu thelathini na mmoja. Nilitoka wa kumi na mbili, naapa, mimi bata wa Ruziba. Kwenye baiskeli mnyororo ulikatika mara moja, lakini hapo nilikuwa nyumbani, nikauunga pale pale wenzangu wakipita wananihurumia, na baadaye nikawapita sita. Saa nne na nusu nikaanza kukimbia. Jua lilikuwa kali na miguu ilikuwa si yangu. Njia ya Kigobe watu walisimama kando, wakituangalia kimya mwanzoni, maana watu wa hapa wakiona watu wanakimbia huuliza kwanza wanakimbia nini. Halafu mama mmoja akapiga vigelegele, na wengine wakafuata. Wakati wa mwisho wa kumaliza ulikuwa saa saba. Nilikuwa na muda wa kutosha na nilikuwa nimejaa furaha. Hapo nikaingia Mutakura.

Dada, hapa ndipo ninapokuomba ukae chini.

Miaka tisa sijawahi kwenda kwenye ile nyumba. Hata siku moja. Tangu asubuhi ile ya tisini na tano tulipotoka na nguo za mwilini, na jirani yetu amelala pale langoni, sijakanyaga mtaa ule. Kila ulichosoma kwenye barua zangu, kwamba nimepita wiki iliyopita, kwamba mabati ni mazima, kwamba mlimao unazaa mpaka majirani wanaomba, nilikitunga hapa Buyenzi, kalamu mkononi na chai mezani. Mwanzo njia ilikuwa imefungwa kweli. Baadaye ilifunguka, na wengine walikuwa wakienda na kurudi, ila mi sikuweza. Na kadiri uongo ulivyozidi kuwa mrefu ndivyo nilivyozidi kuogopa kwenda kuukuta unanisubiri. Ulipoandika kwamba unawaleta watoto walale chini ya paa ambalo sijaliona, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nisamehe. Wewe ndiye uliyenilea mama alipokufa, na mimi nimekudanganya kwa mwandiko mzuri.

Nilipofika kwenye kona yetu miguu ilisimama yenyewe. Wenzangu wakapita. Nikaingia langoni na namba yangu kifuani, kumi na saba, jasho linachuruzika. Kulikuwa na mwanamke mtu mzima anapepeta maharagwe uani. Akainuka taratibu, akaniangalia kuanzia viatu mpaka namba. Nikamwambia mi ni mutoto wa hapa. Akaweka ungo chini.

Akasema, "Nilikuwa najua siku moja mutu atafika. Sikujua atafika anakimbia."

Anaitwa Daphrose. Ni mjane, alishuka kutoka milimani mwaka wa elfu mbili akakuta mlango umevunjwa na nyumba tupu. Alidhani nimekuja kumtoa. Nikamwambia apana mama, nimekuja kuangalia tu. Akanikalisha kwenye kigoda, na nilipokaa nikakitambua, dada: ni mbuzi ya mama ya kukunia nazi. Meno ya chuma yamevunjika, na yeye hakujua ni kitu gani, miaka minne anakikalia akipika. Nikacheka mpaka nikalia. Akaniletea maji, na ndani yake alikuwa amekamua limau. Mlimao upo na unazaa, majirani wanaomba kweli. Katika uongo wangu wote, huo mmoja Mungu aliusitiri.

Alinionyesha chumba kwa chumba, na sikuharakisha. Nilipotoka saa saba ilikuwa imekaribia na nilibakiza kilomita tisa. Nimefika ufukweni saa saba na dakika hamsini. Walikuwa wamekwisha kukunja kamba ya mwisho wa njia. Népomuscène aliniona kwa mbali, akawaita vijana wawili waishike tena, na Majid, ambaye alisema hatakuja, alikuwa amesimama hapo juani akiangalia saa. Kwenye orodha ya waliomaliza jina langu halipo. Nimelala usingizi siku tatu hizi, dada, usingizi wa mtoto.

Daphrose anakusalimia. Anauliza kama utamwachia chumba cha uani mpaka atakapovuna maharagwe yake, na anasema atakuonyesha mahali maji yanapopita mvua ikizidi. Sijamjibu, kwa sababu nyumba ni yako pia, na nimekwisha kusema mengi kwa niaba yako. Jumapili nitarudi pale na misumari. Ukiwa na hasira usiache kuandika, andika hasira yenyewe. Nifikishie salamu kwa shemeji na uwabusu watoto, waambie mjomba wao anaogelea na uso ndani ya maji.

Mimi ndugu yako mdogo,
Rachidi

Nimesahau kukujibu la paa. Juu ya chumba chako yamekosekana mabati matatu, Daphrose ameziba kwa shitingi ya plastiki. Ni matatu. Nimeyahesabu mwenyewe.