Bangi ya Mheshimiwa na Bangi Yako

Nyumbani, chumba cha nyuma ya karakana,
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa nane.

Mpendwa mdogo wangu, Ngongoti wetu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekula, na umevaa soksi, maana huko kwenu sasa ni baridi na miguu yako hiyo haijawahi kutoshwa na blanketi lolote. Kikohozi kimeisha? Nakujua wewe, ukipata nafuu kidogo tu dawa unazitupa kabatini. Maliza dozi. Na mkeo anaendeleaje na ile zamu yake ya asubuhi kiwandani? Mwambie wifi yake anamuulizia, tena si kwa unafiki wa mawifi.

Sisi hatujambo. Goti la mama limetulia tangu aache kupanda ngazi za kanisani kwa haraka kama anayekimbilia kiti cha mbele. Mpwa wako ameota meno na anang'ata kila kitu, hata futi yangu ya kupimia vitambaa ina alama zake. Baba mzima, ila sauti imemkauka. Sababu ya kukauka huko ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa kuwa simu yangu siku hizi inasikilizwa na nyumba nzima.

Huku ni uchaguzi, mdogo wangu. Baba amekuwa mwenyekiti wa tawi la chama chake, na karakana imegeuka bunge. Wateja wakija kuchukua makochi yao wanayakuta yamekaliwa na wajumbe wenye jasho, wanabishana huku wamenyoosha miguu. Mimi niko kwenye kona yangu na cherehani, nashona foronya na kusikia yote. Baba mdogo naye yuko upande wa pili, na anakuja kila siku kwa sababu hana raha asipobishana na kaka yake. Mwanzoni ilikuwa utani tu, wanatukanana halafu wanagawana kikombe cha chai.

Kisha likazuka la mheshimiwa, huyu mgombea wa baba. Rafiki yake wa zamani alitangaza redioni kwamba walipokuwa chuoni mheshimiwa alikuwa akivuta bangi, tena akaonja na unga. Siku ya kwanza watu wa baba wakasema ni uzushi wa maadui. Siku iliyofuata mheshimiwa mwenyewe akasimama akakiri: ni kweli, nilikuwa kijana, nilikosa, nimeacha. Basi wale wale walioapa ni uzushi wakasema ni ushujaa. Upande wa baba mdogo wakafanya sherehe, wakatunga na wimbo. Na mgombea wao ni yule ambaye mji mzima unajua alivyokuwa akibebwa kutoka baa enzi zake. Nyani haoni kundule, lakini la mwenzake analihesabu nywele.

Sasa nisikilize vizuri. Alhamisi baba alisimama katikati ya karakana akamtetea mheshimiwa. Alisema binadamu si malaika. Alisema aliyeanguka akainuka anapewa mkono, na anayemhukumu mtu mzima kwa kosa la ujana hana utu. Watu wakapiga makofi kwenye makochi mpaka vumbi likatoka. Mimi nilisimamisha cherehani. Ni maneno yale yale mama aliyomlilia nayo siku ile, amekushika shati lako na baba amekushika mkono anakuvutia nje.

Sikukumbushi ili kukuumiza. Miaka yote hii hatujawahi kulitaja lile kochi la mwalimu mkuu, wala misokoto uliyoificha ndani ya mto ukasahau, kochi likapelekwa, mama wa watu akalikalia mbele ya wageni wake, akasikia kitu kinamchoma, akaufungua mto. Leo tungecheka. Ningependa sana siku moja tukae tucheke. Lakini baba aliona aibu ya kufa mtu, na aibu ile ikawa kubwa kuliko wewe.

Nilidhani baba mdogo angesema la maana. Si yeye aliyekuchukua kwake? Si yeye aliyekesha na wewe ukitapika na kutetemeka mpaka ukaacha? Kumbe siasa ni tope, ukiingia na viatu vyeupe vinatoka vyote rangi moja. Alisimama, akacheka, akasema, "Teja haachi, anapumzika tu." Watu wake wakashangilia. Mdogo wangu, nilitamani ardhi ipasuke. Baba nilishamzoea, lakini la baba mdogo liliniingia mpaka leo halijatoka.

Akaona haitoshi. Akamgeukia baba akamuuliza, kama hayo ya mkono wa kuinuliwa anayaamini, mwanawe yuko wapi.

Baba alikuwa ameinama anagonga kitambaa, misumari midogo imejaa midomoni kama kawaida yake. Akaanza kuitoa, mmoja mmoja, akiipanga juu ya mkono wa kochi. Akasema tofauti ni kwamba mheshimiwa alikiri mbele ya watu, na mwanawe hakuwahi kukiri.

Mama alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Hakupaza sauti.

"Alikiri," akasema. "Alipiga magoti hapo ulipo. Wewe ulikuwa unagonga misumari."

Wajumbe wakakumbuka shughuli zao, wakatoka. Baba mdogo alitoka wa mwisho, na chai yake ikabaki haijaguswa.

Ungedhani wangetulia. Ijumaa mchana akaja kijana mmoja wa chama cha baba mdogo, mwenye simu kubwa na maneno laini, akitaka namba yako. Eti wanataka kukurekodi ueleze baba yako alivyokufukuza, ili watu wauone unafiki. Akakuita kijana wetu. Hajui hata jina lako, lakini ni kijana wao. Baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yake anaangalia viatu. Nikamwambia namba sina, nikaendelea kushona, na mshono ule ulikwenda upogo mpaka nikaufumua wote.

Halafu jana, mdogo wangu. Jana baba alikuja kwenye kona yangu, ambako huwa haji, akaniwekea fulana mpya juu ya meza. Akasema, "Mwandikie mdogo wako. Mwambie aje nyumbani."

Mkasi ulinidondoka. Unajua nimeyangoja maneno hayo kwa muda gani? Kila sikukuu, kila ugonjwa wa mama, siku ya harusi yangu nilipokuwa nikiangalia mlango kama mwendawazimu. Nikaanza kulia pale pale. Nikamshika mkono, na yeye hakuuondoa.

Akaniacha nimalize, kisha akaeleza. Mkutano wa mwisho wa kampeni ni mwisho wa mwezi. Nauli chama kitatoa. Utapanda jukwaani, baba atakukumbatia mbele ya umati, na mheshimiwa atasema, huyu baba ndiye mfano wa msamaha tunaouhubiri. Fulana ile ni yako. Wameishona ndefu makusudi, baba mwenyewe alitoa vipimo, na nikiitazama naona havijakosea.

Maneno niliyoyangoja miaka yote yamekuja yakiwa yamevaa nguo za chama. Sikujua nicheke au niendelee kulia.

Nikamwambia mama, nikidhani atakasirika. Wapi! Godoro lako lilikuwa limeshaanikwa. Anasema mtoto akija amekuja, sababu tutaitafuta yeye akiwa anakula. Nilibishana naye nikashindwa, maana kuna sehemu ya moyo wangu inasema hivyo hivyo. Jukwaani au chooni, nikuone tu umesimama, nikupige kofi la mgongo. Nimekukumbuka mno.

Lakini sikulala na hilo vizuri. Leo asubuhi kabla ya ibada nilimfuata baba karakanani. Alikuwa peke yake, amekaa kwenye kochi ambalo halijawekwa mito, juu ya springi tupu. Nikamuuliza swali moja tu.

"Na mheshimiwa wako akishindwa, mwanao atalala wapi?"

Nilitegemea anifokee. Hakufoka. Aliangalia nyundo yake, akasema, "Hilo sijalifikiria."

Alisema kweli, ndiyo maana liliniuma. Hakuwa na hila wala ubaya. Alikuwa amefikiria nauli, amefikiria urefu wa fulana, amefikiria utasimama upande gani wa jukwaa. Kitanda hakukifikiria. Nikamwona amezeeka, nikamhurumia, na hasira zikanishika hapo hapo, vyote pamoja. Sisemi hakupendi. Anakupenda, ila hajui kukupenda mpaka apewe ruhusa na mtu mkubwa. Alipotaka kukufukuza alihitaji mwalimu mkuu, na sasa kukurudisha anamhitaji mheshimiwa.

Kwa hiyo, Ngongoti wangu, mimi ambaye sijawahi kukuandikia barua bila kukusihi uje, leo nakusihi usije. Ukipigiwa simu na watu wa baba, usije. Ukipigiwa na wale wa baba mdogo, usiseme neno. Hukuacha uliyoyaacha kwa mateso yale ili uwe jiwe la watu kurushiana. Acha kura zihesabiwe, wimbo wao uchuje, karakana irudi kuwa karakana. Siku baba atakapokutaka bila umati, atakuwa na namba yako, nimemwandikia kwa maandishi makubwa na kuibandika ukutani juu ya meza yake. Hakuibandua. Ila pia hajapiga, na sitaki kukudanganya kwamba nina uhakika atapiga.

Mama kanituma nikwambie godoro limekauka na linakungoja. Nimefikisha, kwa sababu si haki yangu kukuficha.

Shangazi wa mtaa wa pili anakusalimu, na mpwa wako nimemshika kidole akachora huo mchirizi hapo pembeni. Mpe mkeo salamu zangu. Baba mdogo hakutuma salamu. Alikuja jana jioni akasimama mlangoni, akataka kusema kitu, akageuka. Zipokee hivyo hivyo.

Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi mzuri chini ya paa ambalo hakuna wa kukuondoa.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bila kutumwa na mtu.