Kufuli Langu Kwenye Swichi ya Kinu

Jumatatu, 3 Machi

Feni ya kuvuta vumbi imekufa, na kinu bado kinasaga! Unga umelala juu ya mabomba kama blanketi. Nimeandika jina langu kwa kidole, likasomeka. Meneja anasema dada, huu ni unga, si petroli. Nimemweleza: ukitimka hewani, cheche moja inapasua jengo zima. Akacheka. Haya, acheke. Afisa usalama ni mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimezima swichi ya kinu, nikapiga kufuli langu. Sheria ya kiwanda: aliyefunga ndiye anayefungua. Ufunguo uko ndani ya blauzi yangu. Nani ataufuata huko?

Wapakiaji wameshanibandika jina — Bi Kufuli. Nimelipenda.

Jumatano, 5 Machi

Mume wangu kaninunia. Mdogo wake ndiye fundi wa kuchomelea pale kiwandani. Kinu kikilala, naye halipwi. Eti namtia shemeji njaa. Nikamjibu njaa nitaipikia, maiti siwezi. Iliniuma kusema, lakini sirudi nyuma hata hatua.

Meneja kapiga simu: ajali haina kinga. Nikamwambia hii inayo, iko kwenye swichi. Nikakata.

Alhamisi, 6 Machi

Maji yamezidi unga. Meneja kaamuru kufuli langu likatwe — kwa grinda inayotema cheche! Tena, ili paonekane safi, wamepuliza unga wote kwa upepo wa kompresa. Ghorofa nzima nyeupe, sioni dirisha. Kompresa nimeizima, wapakiaji nimewafukuza wote nje.

Aliyegoma kutoka ni shemeji. Kasimama mbele yangu, grinda mkononi. Mimi nimeketi chini ya swichi, naandika. Naogopa, ndiyo. Siondoki.

Ananibembeleza: shemeji, pisha, mimi nimetumwa tu.

Nimemwambia amwite aliyemtuma. Aje asimame hapa, katikati yetu, ndipo grinda iwashwe.

Kaita. Meneja kajibu kutoka getini, mbali kabisa, kwamba anatusikia vizuri tu akiwa hukohuko.

Shemeji kageuka kunitazama. Kidole bado kiko kwenye swichi ya grinda. Anamwita meneja tena —