Mstari Wako wa Kimulot

Mzee wangu,

Leo nimeufuta ule mstari wako wa Kimulot uliouandika kwenye ruta. Nimeona nikwambie mwenyewe.

Unaukumbuka mkaratusi mkavu nyuma ya nyumba yako, ule tulioufunga antena ya kupeleka mtandao kutoka dukani Sotik hadi kwa mama yako bondeni Kimulot? Ulikatwa wakati wa matanga yako. Kuni ziliisha kabla waombolezaji hawajapata chai, na ndugu zako wakaniuliza, "Wewe ndiye ulikuwa unafanya kazi na yeye. Hii tukate ama tuwache?" Nikasema kateni. Niliishusha antena kwa mikono yangu, nikijua mtandao utazunguka kupitia mlingoti wa Sigowet. Ulinifundisha hivyo. Ruta, kifaa kinachoelekeza mtandao, huulizana na ruta za jirani, na njia ikikatika hutafuta nyingine.

Nikasahau kwamba wewe hukuyaamini hayo maulizano. Ukungu ulikuwa ukifanya ruta ibadilishe njia kila mara, sura ya mama yako inaganda kwenye simu, mpaka ukakasirika ukaandika njia ya Kimulot wewe mwenyewe. "Inachagua kwanza ile njia imetaja hiyo anwani waziwazi kabisa," uliniambia. "Kama ziko mbili sawa, inaamini ile mtu ameandika kuliko ile imesikia kwa majirani." Basi ruta imeendelea kukuamini wewe. Kila pakiti, kila kipande cha ujumbe cha kwenda kwa mama yako iliitupa kule kwenye mti tuliokwisha kuuchoma, na Sigowet ipo, wazi, haiulizwi.

Hakuna aliyelalamika, Mzee. Hilo ndilo linaniuma. Simu ya huko bondeni haishiki bila mtandao wetu, na Kogo, mama yako, alipoona imenyamaza aliona ni sawa, mwenye mtandao si amezikwa. Majirani wakamwambia avumilie. Binti yako Chelangat alikuwa akimpigia kila siku kutoka Nairobi, akidhani nyanya yake amemkasirikia kwa kuchelewa mazishini. Miezi miwili. Mimi nimejua juzi, nilipompelekea Kogo sukari nikamkuta ameiweka simu mapajani.

"Tangu azikwe hakuna mtu ananitafuta," aliniambia. "Sijui niliwakosea nini."

Leo nimekaa mbele ya ruta tangu asubuhi. Mstari ule ndio kitu cha mwisho ulichoandika wewe kilichobaki hapa dukani. Nililia kama mtoto, halafu nikaufuta. Sigowet ikachukua hapo hapo, kabla hata sijamaliza kupangusa uso. Nikamwambia Chelangat ajaribu.

Sikuangalia saa. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, saa yako ya kumpigia mama yako kila siku. Chelangat ameniambia Kogo alipokea mara moja, akakuita wewe, kwa jina lako la utotoni. Chelangat akasema, "Ni mimi, Kogo." Kogo akakata. Tangu hapo inaita tu, hapokei. Naziona pakiti zikifika kwake, zote, hakuna hata moja inayopotea.

Sijui kuitengeneza hii. Hukunifundisha.

Lala, Mzee. Jumamosi nitashuka Kimulot nikakae naye saa hiyo yako, na Jumamosi nyingine, hata kama hatasema neno. Na hakuna atakayempigia tena saa kumi na moja. Nakuahidi.

Chepkemoi, wa dukani