Muhuri Namba 41 Hauazimwi

Champlin, Minnesota
3 Februari 2025

Mama mpendwa,

Hujambo? Goti linaendeleaje, na kile kikohozi cha asubuhi? Sisi tu wazima, ila baridi ya huku inauma hadi kwenye meno. Mume wako mdogo, Muriuki, sasa ana miaka mitatu. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, lakini nikimkanya anaelewa lugha zote. Baba yake, Nahashon, yuko barabarani na trela, atarudi Jumamosi. Mimi ni kuchoka tu, ule uchovu wetu sisi akina mama. Mwambie Maureen asante kwa kutupitishia barua kwenye simu yake.

Mama, nina jambo. Unaijua kazi yangu kule Anoka: vyuma vya roketi vikifika kutoka ng'ambo, mimi ndiye navipima kabla havijaenda kufungwa. Vikiwa sawa nagonga muhuri. Kila mkaguzi ana wake. Wangu ni namba 41. Juzi zimeingia kreti za vali, zile za kufungia na kufungulia mafuta ya roketi, kila moja ndogo kama ngumi ya Muriuki. Tuna kifaa kama bunduki: ukikielekeza kwenye chuma, kinakuambia kimechanganywa na nini. Nikapima tano za juu. Zikalingana na cheti kilichokuja nazo. Utaratibu unasema tano zinatosha, lakini mkono ukaenda wenyewe hadi chini. Safu ya tatu, chuma kingine kabisa! Cheti ni kile kile, chuma hafifu. Roketi ikipata moto kitapasuka.

Nikafunga kadi nyekundu kwenye kila kreti. Msimamizi wangu, Eric, akaja na tabasamu lake. "Nkirote, mzigo umechelewa. Niazime muhuri wako nusu saa, wewe nenda ukanywe chai."

"Chai nimekuja nayo kwenye chupa," nikamwambia. "Muhuri siazimi."

Nilipokuwa nikichimba ile kreti nilimkumbuka Karani Gitonga wa kituo cha majani chai, alivyomwaga kikapu chetu mezani watu wote wakitazama. Nilikuwa na miaka tisa, nikalia hadi nyumbani. Ulisema anatuchukia. Kwani Mama, chini ya kikapu kulikuwa na nini?

Mwanao,
Nkirote


Githongo, Meru
12 Februari 2025

Binti yangu Nkirote,

Salamu nimezipokea. Goti langu siku hizi linajua mvua kabla ya redio. Mwambie mume wangu asithubutu kuoa huko, mkewe nipo.

Mwanangu, mpe huyo mzungu muhuri. Ni mali yao, si yako. Una mtoto. Hizo roketi hazijawahi kutuletea hata chumvi. Wakikufukuza, utapika namba 41? Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Fumba, mwanangu, ulee.

Gitonga alikuwa na roho mbaya. Achana naye.

Mamako


Champlin
24 Februari 2025

Mama mpendwa,

Natumaini umeamka salama. Huku theluji imefika dirishani, na Muriuki ana mafua yasiyomzuia kuruka kwenye kiti.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekasirika. Nisamehe, lakini jicho sifumbi. Unaniambia nina mtoto. Ndiyo, ninaye. Siku moja ataniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, na sitaki kutafuta pa kuangalia.

Wamenitoa mezani pangu. Sasa nafunga maboksi karibu na lango, upepo wote ni wangu. Jana Eric akaniambia mbele ya watu, "Wewe mwenyewe umetoka ng'ambo. Mbona unawabana wenzako?" Wakacheka.

Nikamjibu, "Mimi kabla ya kuingia nchi hii nilipimwa damu, mapafu, macho, na vidole vyote kumi. Hakuna aliyepima kimoja cha juu akasema kinatosha."

Wakacheka tena, safari hii si mimi niliyechekwa. Rigobert, Mkongo ninayefunga naye maboksi, alicheka hadi akaangusha mkasi.

Na wapo wanaosema, "Si tulisema? Vitu vya nje ni takataka." Hao nao nimewakatalia. Mwezi uliopita zilikuja kreti mbili za kiwanda kingine cha ng'ambo, nikapima mpaka ya mwisho, nikazipitisha zote. Sikatai kitu kwa sababu ya kwao. Nakikataa kwa jinsi kilivyo.

Tarehe sita Machi nimeitwa mbele ya wakubwa, nigonge muhuri wakiona. Uko kwenye pochi yangu, umelala ndani ya soksi ya Muriuki.

Na swali langu hujalijibu. Roho mbaya si jibu. Chini ya kikapu kulikuwa na nini?

Mwanao,
Nkirote


Githongo
29 Machi 2025

Nkirote mwanangu,

Mko wazima? Mimi mwili ni mzima. Nimechelewa. Maureen amekuja mara nne kuuliza kama barua iko tayari, nikamwambia kalamu imekwisha wino. Wino ulikuwepo.

Chini kulikuwa na majani makubwa, magumu, ya siku mbili, niliyoyanyunyizia maji yaonekane mabichi. Juu nikaweka majani mawili na chipukizi, mazuri ya kutazamwa. Na haikuwa mara ya kwanza. Wiki iliyotangulia yalipita, yakachanganywa na ya majirani, kiwanda kikarudisha lori zima. Chai ya kituo kizima ikamwagwa bondeni kwa ajili ya kikapu changu. Jirani yetu alilia mbele yangu. Nikamshika mkono nikalia naye, na huku najua.

Gitonga alinishuku, ndiyo maana akamwaga. Lile la lori hakunitaja kwa mtu. Nami nikakufundisha kumchukia, kwa maana ilikuwa rahisi kuliko kukutazama machoni.

Jana nimeenda kwake. Siku hizi anauza mbegu sokoni. Nikayasema yote mbele ya wateja, kama alivyonimwagia mimi. Akaniuliza, "Na yule msichana aliyelia, yuko wapi?" Nikamwambia anapima roketi. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia.

Usiazime muhuri, mwanangu. Lile neno la chongo nimelirudisha mdomoni. Kama nimechelewa, nisamehe na hilo pia.

Mamako aliyekosa


Champlin
14 Aprili 2025

Mama yangu mpendwa,

Goti je? Huku theluji imeyeyuka, mto umejaa, na sisi tumevua makoti.

Mkutano ulikuwa umepita barua yako ilipofika. Waliniwekea karatasi mezani nigonge. Nikaomba kreti iletwe. Nikaimwaga yote juu ya meza yao nzuri, vikombe vikaruka. Nikampa Eric ile bunduki ya kupimia: "Pima wewe." Akapima moja moja. Ya kumi na mbili ilipoonyesha tena chuma hafifu, akaiweka chini.

Mkubwa wao akasema basi, nirudishe muhuri, atagonga mwingine. Nikasema, "Muhuri ni wenu, chukueni." Lakini nikaandika kwenye karatasi yao: leo tarehe sita Machi, saa nne na dakika arobaini, nimerudisha namba 41, na popote itakapoonekana kuanzia sasa, si mkono wangu. Nikamwambia Eric atie sahihi kwamba amepokea. Akatia. Nikachukua koti langu nikatoka.

Hawakupata mtu wa kugonga, Mama. Kila mmoja alijua kadi zangu zina nakala, na nakala hufika kwa wenye roketi. Wiki jana Rigobert amenipigia: kreti zote zimerudishwa zilikotoka, na kila moja kadi yangu nyekundu bado inaning'inia. Roketi haijaruka. Ingoje.

Kazi hawakunirudishia, na sikuomba. Nimeanza kutunza wazee Roseville. Nachoka zaidi, lakini hakuna anayeniomba jicho langu.

Ile habari ya kikapu ilinikasirisha siku tatu, sikufichi. Ya nne, Muriuki akasema amemaliza sukuma wiki. Nikainua wali kwa kijiko, nikaikuta yote imelala chini. Nikamuuliza nani amemfundisha, akaniambia kwa Kiingereza chake, hakuna. Nikacheka mpaka machozi. Hakuna! Ni damu yako hiyo, Mama. Aliila yote, nami nimekaa hapo hapo.

Nimekusamehe. Sasa mpelekee Karani Gitonga kilo mbili za sukari, umwambie zinatoka kwa yule msichana. Mwambie nami nimemwaga kreti mezani.

Mwanao,
Nkirote